Fomu Isiyomtosha Babu

Mama mmoja aliingia dukani kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi, wakati ambao walimu wa nusu ya mji wa Moshi huwa wamejipanga mbele ya mashine yangu na mitihani ya majaribio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, maana alikuwa anahangaika na fundo kwenye pindo la khanga. Fundo likafunguka. Ndani yake kulikuwa na leso, ndani ya leso kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai, na ndani ya gazeti kulikuwa na nyota.

"Mwanangu, nitolee kopi mbili."

"Kopi ya nini, mama?"

"Ya hii. Si mmesema mnataka nakala?"

Walimu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu aliyesema anataka nakala ni mimi.

Niliilaza nyota juu ya kioo, nikafunika, kifuniko kikagoma kulala. Mwanga ukapita. Karatasi ikatoka na doa jeusi lenye pembe sita na duara jeusi zaidi katikati, maandishi hayasomeki hata moja. Nikaongeza mwanga, nikatoa nyingine. Hiyo ikawa kivuli cha kijivu kama alama ya glasi kwenye meza. Lakini ukiishika nyota yenyewe mkononi ni kitu kingine kabisa. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, nzito kidogo kuliko unavyotarajia. Katikati kuna taji na herufi za mfalme George wa 6, na kuzunguka duara kuna maneno ya Kiingereza yanayosema hii ni Nyota ya Bama, yaani Burma, siku hizi Myanmar. Utepe ulikuwa umebaki kipande cha urefu wa kidole gumba: buluu iliyoiva pande zote mbili, mstari mpana mwekundu katikati, na ndani ya kila buluu mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Nikaigeuza nyuma kutafuta jina la mwenyewe. Nyuma ni tupu, laini kama sarafu iliyosuguliwa. Waingereza walizigawa nyota hizi bila kuchonga jina la mtu.

Kwa hiyo hata kopi ingetoka safi, ingethibitisha nini? Kwamba kuna mtu alifika Bama. Kwamba mtu huyo ni baba yake huyu mama, nyota haisemi.

Nieleze nilivyojiingiza katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kuzika mzee mmoja upande wa Old Moshi. Alikuwa Keya, mmoja wa wa mwisho mwisho tuliokuwa tunawajua. Kwa vijana wanaosoma hapa, Keya ni King's African Rifles ilivyopita kwenye midomo ya babu zetu: kikosi cha Waingereza kilichoundwa 1902 na kuchukua watu wa Kenya, Uganda, Nyasa na, baada ya Mjerumani kuondoka, Tanganyika. Ikasomwa historia ya marehemu. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto, wajukuu, vitukuu, uzee wa kanisa, kahawa aliyopanda. Vita vikapita kwa sentensi moja: "Aliwahi pia kutumikia jeshi la mkoloni." Pia! Kama vile aliwahi pia kuuza ng'ombe.

Baada ya mazishi tukakaa kwenye mabenchi ya migomba, mbege ikazunguka, na mtu mmoja akasema hata babu yake alikuwa Keya. Mwingine akasema wake pia. Wa tatu akasema wake alikuwa askari wa Mjerumani. Kabla jua halijazama tulikuwa kumi na moja, na sisi watu wa Kilimanjaro tukikaa kumi na jambo likaeleweka, wa kumi na moja ni mweka hazina. Daftari likatoka, buku mbili mbili zikachangwa, na mimi nikapewa ukatibu. Sifa yangu ilikuwa moja: nina printa.

Kilichofuata wengi wenu mnakijua. Kusajili chama ni lazima kiwe na katiba, na katiba ni lazima iseme mwanachama ni nani. Uzao wa askari, sawa. Askari yupi? Uzao mpaka kizazi cha ngapi? Unathibitishaje? Nikaingia intaneti kutafuta wenzetu wanafanyaje, na huko ndiko nilikopotezea dira.

Wamarekani ndio mabingwa wa vyama hivi. Wana chama cha maofisa waliopigania uhuru wao, Society of the Cincinnati, kilichoanzishwa 1783, ambacho kwa desturi kiti hurithiwa na mtoto wa kiume wa kwanza, afisa mmoja mwakilishi mmoja, kama vile umangi. Wana chama cha wanawake, Daughters of the American Revolution, cha mwaka 1890, ambacho ukitaka kuingia unatakiwa uonyeshe kwa karatasi kila kizazi kati yako na huyo babu: nani alizaliwa na nani, alifunga ndoa na nani, alikufa lini. Kilichonigusa zaidi ni habari ya askari wa upande wa kaskazini katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wale walianzisha chama chao 1866, Grand Army of the Republic, na wakakubaliana kwamba hakuna atakayeingia isipokuwa aliyetumikia jeshi lile mwenyewe. Maana yake walijua chama kitakufa nao. Mwanachama wa mwisho, Albert Woolson, alifariki 1956, na chama kikafungwa. Lakini watoto walikuwa wameshaanzisha chao, Sons of Union Veterans, tangu 1881, wakati wazee wao bado wana nguvu za kuandamana barabarani.

Hapo nikaona kosa letu la kwanza: sisi tumeanza wakati wa kuuliza umekwisha. Kosa la pili nikalifanya mwenyewe usiku huo huo. Nilichukua fomu ya Wamarekani, nikaigeuza Kiswahili, nikaipa jedwali zuri la mistari: Jina kamili la askari. Namba ya jeshi. Kikosi. Tarehe ya kuandikishwa. Tarehe ya kuondoka jeshini. Ambatisha nakala ya uthibitisho. Nikachapa arobaini. Ilipendeza sana, sitaki kudanganya.

Zikarudi ishirini na saba. Mstari wa namba ya jeshi ulijazwa kwenye fomu tatu. Wawili kati ya hao watatu walikuwa wameandika namba ya NIDA ya kwao wenyewe.

Nikasema basi nianze na fomu yangu. Babu yangu mzaa baba alikwenda Bama. Hilo halina ubishi nyumbani kwetu, lina ushahidi wa kila aina isipokuwa wa karatasi. Masika yakianza, Babu alikuwa anatupanga wajukuu barazani jioni, mmoja mmoja, na kusema, "Miguu." Unakaa kwenye kigoda, unanyoosha mguu, yeye anashika kisigino na kutanua vidole kimoja kimoja akiangalia katikati. Akiona unyevu anaukausha kwa kitambaa chake cha mfukoni. Akiona ngozi imeanza kuwa nyeupe na kulegea, unapakwa majivu na hutoki nje siku hiyo. Nilikuwa najua kila babu duniani anafanya hivyo. Nilikuja kugundua niko darasa la tano, nilipomwambia rafiki yangu wa Kiboriloni kwamba leo mvua imenyesha na Babu atatukagua, akanitazama kama mtu aliyesema kwao wanalala juu ya paa.

Sasa najua alikuwa anaangalia nini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha faru, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, kuanzia Agosti 1944, ikimsukuma Mjapani kuelekea mto Chindwin. Ndani yake kulikuwa na batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Barabara ilikuwa tope, vyakula vilikuwa vinadondoshwa na ndege, na bonde lile lilijulikana kwa malaria na homa ya utitiri wa porini kuliko hata kwa risasi. Walimeza vidonge vya mepacrine, vya kuzuia malaria, kila siku mpaka ngozi ikageuka manjano. Mguu uliokaa ndani ya buti lenye maji siku nne unaoza ukiwa hai. Babu hakutuambia hata moja ya haya. Alituambia habari ya daraja. Mwezi Desemba 1944 walifika Kalewa, na mafundi wa jeshi wakalaza juu ya Chindwin daraja la vyuma vya kuunganisha lenye urefu wa mita zipatazo 350, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Kwa Babu, vita nzima ilikuwa ni lile daraja. Alipenda kusema lingetoka nyumbani hadi kwa jirani wa nne na bado likabaki la kuanikia kahawa.

Basi nikaanza kujaza. Jina kamili la askari. Hapo hapo nikakwama.

Babu alikuwa na majina matatu, na hayakuwahi kukaa pamoja kwenye karatasi moja. Jina la nyumbani la Kichagga alilopewa na ukoo. Jina la ubatizo, ambalo mmisionari Mlutheri alilitoa kwenye Biblia. Na jina la Keya, ambalo kwa maelezo ya shangazi yangu mkubwa lilikuwa jina la baba yake Babu, lililoulizwa na karani wa Kinyasa, likaandikwa na Mwingereza. Chagua mwenyewe herufi ngapi zilifika salama. Kwenye orodha za Keya utawakuta wamepangwa hivyo, fulani mwana wa fulani, bila jina la ukoo. Katika mlima ambao kila ukoo una majina sita yanayorudiwa babu kwa mjukuu, kumtafuta mtu kwa mtindo huo ni kutafuta mgomba mmoja Kibosho.

Halafu nikagundua jambo ambalo mpaka leo linanikera. Orodha zilizo wazi, zinazotafutika kwa simu, ni za waliokufa. Mnara wa Rangoon, kule Bama, una majina karibu 27,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani, na Waafrika wamo. Meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, watu karibu 1,300 wakapotea, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na majina yao yamechongwa Nairobi. Mwenzetu mmoja alimkuta kaka wa bibi yake kwenye orodha ya namna hiyo akiwa amekaa kwenye daladala ya Majengo, akapiga kelele mpaka konda akasimamisha gari. Lakini Babu alirudi mzima. Alishuka kwenye treni stesheni ya Moshi, akapanda mlima kwa miguu, akaezeka nyumba bati kwa malipo yake ya kuondokea jeshini, malipo ambayo Waingereza waliyapanga kwa rangi ya ngozi, Mzungu akichukua zaidi ya Mwafrika wa cheo kile kile. Hakufa, kwa hiyo hayumo. Ukitaka jeshi likutunzie jina vizuri, inabidi ufe.

Na hata kufa hakukutosha kwa kila mtu. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu mambo yake yenyewe. Kwa vita vya kwanza peke yake, ilikiri kwamba waliokufa kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa isivyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni wapagazi, na wapagazi ni habari ya hapa kwetu. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipigana na Wajerumani kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, kisha yakaingia Moshi. Nenda makaburi ya vita pale Taveta uone mawe yaliyopangwa, jina, kikosi, tarehe. Halafu jiulize nani aliyebeba maji, unga na risasi za watu hao. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile wanakadiriwa kupita 90,000. Kinachobaki mdomoni mwetu ni Kariakoo, yaani Carrier Corps, na siku hizi ukisema Kariakoo mtu anafikiria jezi na vyombo vya plastiki.

Dar es Salaam, pale kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa 1927, kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawataja hata wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Na yanatoa ahadi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimesimama pale mara nyingi nikisubiri wateja wa karatasi za jumla. Jina lenyewe hawakuliandika, kazi ya kulikumbuka wakatuachia sisi.

Kikao chetu cha pili ndicho kilichonifundisha kwamba fomu haikuwa tatizo dogo. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa wa kuazima, chai ya tangawizi na maandazi. Wazee wa upande wa Keya walitaka chama kiwe cha Keya tu, "vita vya Hitla," basi. Bwana mmoja wa Rau akasimama akasema babu mzaa baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, aliyefuatana na kamanda wao Lettow-Vorbeck kutoka hapa mpaka wakaweka silaha chini Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Yeye aingie wapi? Mzee mmoja akamjibu kwa ukali kwamba babu yake yeye alikuwa upande wa pili, na pengine risasi ya huyo babu wa Rau ndiyo iliyomvunja mguu. Kimya. Kisha yule wa Rau akasema, "Basi mzee, pole ya mguu." Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na yule mzee mwenyewe akacheka mpaka akatoa leso. Nadhani chama kilizaliwa dakika ile, msibani ilikuwa mimba tu.

Ndipo nikawapa kisa cha Mwanza, ambacho hakuna mtu niliyemsimulia asiyekipenda. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai huku. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza alikuta mamia ya wazee wamejipanga, wachache wakiwa na vyeti. Wengine walikuwa na vipande vya sare, wengine hawana kitu. Akafikiri, akaomba ufagio. Kila mzee akapewa ufagio kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani: bega silaha, heshima toa. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

"Hiyo ndiyo fomu," akasema mama mmoja nyuma. Nikajifanya sikusikia.

Mama huyo huyo ndiye aliyeleta habari ya Kagera. Alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo, mkoba mapajani. Mume wake alikuwa dereva wa lori la kampuni moja ya hapa mjini. Novemba 1978, baada ya Amin kuingia Kagera, Mwalimu akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Malori yakachukuliwa na madereva wakaenda nayo. Mgambo wakachukuliwa, jeshi likavimba. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Watu wa Moshi tuna kiburi chetu kidogo kuhusu vita ile, kwa sababu mwishoni mwa Machi Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa mjini kwetu wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule. Mkutano wa Moshi umo kwenye vitabu. Dereva wa lori hayumo. Mume wake hakurudi. Waliokufa jeshini wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mkuki na ngao na mashada. Yeye hajui kama mumewe yumo pale. Alikuwa raia, alikuwa na lori la watu. "Mimi si uzao," akasema, "mimi ni mjane. Lakini watoto wangu ni uzao wa nani?"

Hakuna aliyetoa jibu. Mwenyekiti akaomba twende kwenye maandazi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na wazee wale, na nikilala nikagundua hasira ni ya fomu yangu. Wamarekani wanadai karatasi kwa sababu karatasi wanazo: sensa, vitabu vya pensheni, hati za mashamba. Nilichukua mizani ya watu wenye mchele nikaenda kupimia mbege. Halafu nilipokaa chini nikaona hata sisi tunazo karatasi, ila si zile nilizoziomba. Wamisheni walifika mlimani kabla ya serikali haijajua kuhesabu watu. Wakatoliki walijenga Kilema miaka ya mwanzo ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakafuata, na wote waliandika. Kitabu cha ubatizo kina jina la nyumbani, jina jipya, baba, mama, kijiji na mdhamini. Nilipokwenda kwenye usharika wetu, katibu wa usharika akanitolea kitabu chenye jalada la kitambaa, na nikamkuta Babu ndani ya nusu saa, majina mawili kati ya matatu yakiwa mstari mmoja. Pembeni, kwa wino tofauti, mtu aliandika neno moja: askari. Nililisoma mara nyingi mpaka katibu akaniuliza kama naumwa.

Kuna na njia nyingine ambayo siipendi lakini siwezi kuinyamazia. Mangi Meli wa Old Moshi, aliyewapiga Wajerumani 1892 kabla ya kushindwa, walimnyonga tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na familia yake imekuwa ikitafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin waliokuwa wakichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa Rwanda, Tanzania na Kenya walitangaza kwamba machache yameoana kwa vinasaba na ndugu walio hai hapa, likiwemo la mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Mjukuu anatema mate kwenye kichupa Kilimanjaro, na boksi linafunguliwa Berlin. Huo nao ni uthibitisho wa uzao, labda mkali kuliko wote. Lakini ule ni wa watu walionyimwa mazishi, na kumdai mate mtoto wa Keya ili aingie kwenye chama cha buku mbili ni kejeli.

Nchi yenyewe imewahi kubadilisha hesabu hizi. Kambi ya Dar es Salaam ambako askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la mwanzo baada ya uhuru, waliasi Januari 1964 ilikuwa inaitwa Colito, kwa sababu Mei 1941 Keya wa batalioni ya Tanganyika waliwapiga Waitalia mahali paitwapo hivyo Ethiopia. Baada ya maasi jeshi likavunjwa, JWTZ ikaanza tarehe 1 Septemba 1964, na kambi ikapewa jina la Lugalo, mahali Wahehe wa Mkwawa walipowafyeka Wajerumani 1891. Sina ugomvi na Lugalo. Ila kwa kubadilisha kibao kimoja, ushindi wa babu zetu wa 1941 ukawa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini, na "jeshi la mkoloni" likapata mahali pake kwenye hotuba za mazishi. Walikwenda kwa hiari? Wengine ndiyo, kwa mshahara. Wengine Mangi alipewa idadi, akatoa vijana. Babu hakuwahi kusema yeye alikuwa wa kundi gani, na nilikuwa mdogo kiasi cha kutojua kwamba ni swali.

Kwa hiyo nimeandika fomu mpya. Haina jedwali. Swali la kwanza linauliza alikuwa anaitwaje nyumbani. La pili, ni kitu gani alikuwa anafanya ambacho watu wengine hawakifanyi. Mwenyekiti aliona la pili halina heshima ya kiofisi, tukabishana kwenye simu wiki nzima, likapita kwa sharti kwamba namba ya jeshi ibaki mwishoni, "kama ipo." Jamii ya wapagazi imeingia. Ya Mjerumani imeingia. Ya Kagera imeingia, na kwa yule mjane tumeandika kipengele chake, ingawa wazee wawili wamesusa na mmoja amedai michango yake. Nimemrudishia.

Yule mama wa nyota nilimpa fomu mpya palepale, nikamtupia kwenye ndoo zile kopi mbili. Akasema macho yake hayaoni vizuri, niandike mimi. Nikasogeza mitihani pembeni, nikachukua kalamu.

"Baba alikuwa anaitwaje nyumbani, mama?"

Akataja jina la Kichagga. Nikaandika. Akaniambia nisome. Nikasoma. "Siyo hivyo, unalikata mwishoni." Nikafuta, nikaandika tena. Akawaza kidogo, akatoa simu ya vitufe, akampigia dada yake mkubwa aliyeko Marangu, akaweka sauti ya wote. Dada akasema jina hilo si la baba, ni la baba mdogo. Baba lake ni lingine, hili tulilipenda sisi kwa sababu ni fupi. Mama akakataa. Wakahamia Kichagga, kwa kasi ambayo mimi wa Kibosho siwezi kuifuata yote, dada akimtaja bibi yao kama shahidi, huyu akimwambia alikuwa mtoto wa maziwa wakati huo, angejuaje. Swali la pili wakalijibu bila kuulizwa, kwa mdomo mmoja: alikuwa halali bila kuhesabu ng'ombe kwa Kijapani. Ichi, ni, san. Dada akahesabu mpaka kumi.

Niliandika majina yote mawili kwa penseli, moja juu ya jingine. Nyota ikarudi kwenye gazeti, gazeti kwenye leso, leso kwenye pindo.

"Kaka," mwalimu mmoja akaita kutoka nyuma ya foleni, "ya darasa la saba ni kopi mia moja na arobaini, na kengele imeshalia."